Mkono unauma, sindano ichomwe wapi?

Kama uko na mtoto mgongoni, mteremshe kidogo upumzike. Leo tunazungumza juu ya kifundo cha mkono kinachouma, na mtoto huyo ni mmoja wa washitakiwa wetu.

Swali la leo ni fupi: mkono ukiuma upande wa kidole gumba, sindano gani inafaa? Kuna diclo, kuna dexa, kuna kortizoni, na siku hizi kuna hata sindano ya damu yako mwenyewe. Watu wanauliza kila siku, na kila mtu mtaani ana jibu lake. Tutazipima moja baada ya nyingine. Lakini nataka ushike neno moja tangu sasa, maana nitalirudia mpaka mwisho: usiulize tu dawa gani, uliza pia sindano inachomwa wapi.

Tuanze na jaribio dogo, ulifanye hapohapo ulipo. Nyosha mkono mbele yako. Kunja kidole gumba kiingie ndani ya kiganja, kisha kifunike kwa vidole vinne, uwe na ngumi. Sasa polepole, bila kulazimisha, inamisha hiyo ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Umesikia nini? Mkono mzima huvutika kidogo tu. Lakini kama umeruka, kama maumivu makali yamechoma pale upande wa kidole gumba, kwenye ule mfupa unaojitokeza kidogo juu ya kifundo, basi mazungumzo haya ni yako. Madaktari wengi huliita jaribio la Finkelstein, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeandika juu yake mwaka 1930.

Ugonjwa wenyewe nao una jina la mtu. Mwaka 1895 mpasuaji mmoja wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliandika habari za wagonjwa wachache waliokuwa na maumivu hayo, na mpaka leo daktari atakuandikia kwenye karatasi: ugonjwa wa de Quervain. Ila waliougua walikuwapo kabla yake. Kitabu cha anatomia cha Gray, katika toleo la 1893, kilikwisha kutaja mteguko wa wanawake wafua nguo. Unaona? Kabla ya wapasuaji kuupa jina, ugonjwa ulikuwa tayari uko kwenye beseni la nguo.

Ni nani anaupata hapa kwetu Likasi? Wa kwanza ni mama anayenyonyesha. Mara ngapi kwa siku anamwinua mtoto kwa kumshika kwapani, vidole gumba vikiwa vimetanuka? Wa pili ni yule anayefua na kukamua mablanketi. Wa tatu ni anayesonga bukari ya watu kumi kwa mwiko mzito, kisha anageuka kutwanga sombe. Wako wachimbaji wanaoshika nyundo na patasi tangu asubuhi, na wanawake wanaochagua na kuosha mawe ya madini mtoni. Wako mafundi cherehani na mafundi magari. Na kijana mwenye kidole gumba kisichotoka kwenye simu, usijifiche, nawe umo. Wanawake huupata kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 30 na 50, na hasa katika miezi ya baada ya kujifungua.

Sasa, ndani ya mkono kumetokea nini? Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu ukielewa hapa, habari ya sindano itakuwa nyepesi.

Kidole gumba hakijisogezi chenyewe. Misuli yake iko juu kwenye mkono, na inakivuta kwa kano, yaani zile kamba ngumu nyeupe ambazo hata kwenye mguu wa kuku unaziona. Kano mbili, moja ya kukitanua na nyingine ya kukinyosha, hupita pamoja kwenye njia nyembamba juu ya ule mfupa wa kifundo. Fikiria uzi wa kaptula unaopita ndani ya pindo la kiunoni. Pindo likiwa pana, unauvuta uzi na unateleza. Pindo likijikunja na kuwa nene, uzi unakwama, unakwaruza, na ukiulazimisha mambo yanazidi. Ndivyo ilivyo kwa kano hizo. Kazi ya kurudiarudia imelifanya pindo kuwa nene, njia imekuwa ndogo, na kila ukikivuta kidole gumba, uzi unasugua.

Ndiyo sababu kuna jambo ambalo linawashangaza wengi. Tumezoea kusema kwamba ni uvimbe wa moto, kwa hiyo dawa ya kupoza uvimbe itamaliza. Lakini wachunguzi walipokiweka kipande cha pindo hilo chini ya hadubini, walikuta zaidi ni unene na uchakavu wa nyama yenyewe kuliko moto wa uvimbe. Kwa hiyo dawa inayozunguka mwili mzima kutafuta uvimbe inafika pale ikiwa imechoka. Na sasa tunaweza kuingia kwenye sindano.

Sindano ya kwanza: diclo ya matakoni.

Hii tunaijua wote. Unaingia farmasi ya mtaa, unaonyesha mkono, unaambiwa geuka. Unachomwa. Jioni maumivu yamepungua, unasema Mungu asifiwe. Kesho kutwa yamerudi. Unarudi unachomwa tena. Je, diclo ni dawa mbaya? Hapana. Ni dawa ya maumivu na inafanya kazi ya dawa ya maumivu. Lakini mkono unauma juu, sindano imeingia chini, na dawa imegawanywa kwa mwili mzima. Pindo halikupata kitu cha kulifanya liwe jembamba.

Tena diclo ina madeni yake. Inaweza kutoboa tumbo la mwenye vidonda. Inaweza kuumiza figo, na kupandisha presha ya mwenye presha. Na sindano ya matakoni ikichomwa mahali pasipofaa inaweza kugusa mshipa mkubwa wa neva unaoshuka mguuni, mtu akaja na mkono mgonjwa akaondoka na mguu unaoburuta. Kama ni diclo unaihitaji kwa siku chache, kidonge baada ya chakula kitakupa nafuu ileile bila hatari ya sindano, na si kila mtu anaruhusiwa hata kidonge. Kwa ugonjwa huu wa kifundo, diclo ya matakoni ni kununua usiku mmoja wa usingizi.

Na wale wanaoongezewa vitamini B juu yake, ile nyekundu, kwamba ni ya kutia nguvu mishipa? Kano iliyokwama haina njaa ya vitamini B. Weka pesa yako.

Sindano ya pili: dexa ya matakoni au ya mshipani.

Hapa tuwe waangalifu. Dexa, yaani deksametazoni, ni ya ukoo wa kortizoni. Ni dawa kubwa. Hospitalini inaokoa maisha. Lakini imekuwa rahisi mno mitaani. Wengine wanaimeza wapate kunenepa, wengine wanachomwa kila wanaposema mwili unauma. Ukichomwa dexa matakoni, ndiyo, mkono unaweza kupata nafuu kwa siku kadhaa, kwa sababu dawa imeenea mwilini. Lakini imeenea pia kule ambako hukuihitaji. Sukari inapanda. Presha inapanda. Kinga ya mwili inashuka. Na ukiirudia mara kwa mara, mwili wako unaacha kutengeneza kortizoni yake wenyewe, ukiikatisha ghafla unaweza kuanguka. Yote hayo kwa ajili ya kijia kifupi kuliko kidole chako. Dawa ni ya ukoo mzuri. Mahali ndipo pabaya.

Nakumbusha: usiulize tu dawa gani, uliza inachomwa wapi.

Sindano ya tatu: kortizoni ndani ya njia yenyewe.

Hii ndiyo madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa wanaita infiltrasioni. Habari yake ni ndefu kidogo. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimpa kortizoni mwanamke mmoja aliyekuwa amelazwa chini na ugonjwa wa viungo, na baada ya siku chache alisimama akatembea. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobeli. Baadaye ndipo madhara ya kuimeza kwa muda mrefu yalipoonekana. Madaktari wakajiuliza: kwa nini tuinyweshe mwili mzima, wakati panapouma ni mahali pamoja? Kuanzia mwaka 1951 wakaanza kuichoma kidogo, palepale penye ugonjwa.

Inafanywa namna gani? Daktari anapapasa mpaka anaipata njia ya kano. Anasafisha ngozi. Anatumia sindano nyembamba, na dawa ni kidogo sana, karibu mililita moja, mara nyingi ikiwa imechanganywa na lidokaini ya kufisha maumivu. Anaingiza ncha ndani ya njia, pembeni mwa kano. Kwa ule mfano wetu, dawa inakwenda ndani ya pindo, si ndani ya uzi. Kano ikichomwa dawa katikati yake inaweza kudhoofika, na mara chache hata kukatika. Ndiyo maana daktari mzoefu akihisi dawa inagoma kuingia, hasukumi kwa nguvu. Anarudisha ncha nyuma kidogo mpaka ipite bila kushindana.

Je, inasaidia kweli, au ni imani tu? Tuchukue mifano miwili, bila kujaza hesabu nyingi. Huko Uholanzi madaktari wa kawaida, wale wa vituo vya mitaa, waliwachukua wagonjwa 21. Wengine wakachomwa triamsinoloni, ambayo ni ya ukoo wa kortizoni, wengine wakachomwa maji ya chumvi bila kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa wale wa dawa, zaidi ya robo tatu walipata nafuu. Kwa wale wa maji ya chumvi, ilikuwa robo tu. Na kwa wamama, uko utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wa wanawake 18 wajawazito au wanaonyonyesha. Tisa walichomwa kortizoni kwenye njia ya kano: wote tisa maumivu yalikwisha. Tisa wengine walifungwa gango tu: hakuna hata mmoja aliyepona kabisa kwa gango hilo. Ni watu wachache, ndiyo, na tusiseme zaidi ya walichokiona. Lakini tafiti nyingine zimeelekea upande huohuo: kwa ugonjwa huu, sindano ya mahali penyewe inazishinda dawa za kumeza, na inalishinda gango peke yake.

Na je, ukichomwa kisha ukaongeza vidonge vya kupoza uvimbe? Thailand walijaribu, wakachapisha mwaka 2004: vidonge walivyovijaribu havikuongeza kitu. Kwa hiyo ukitoka kuchomwa na karatasi yenye vidonge vitano vya aina tatu, uliza kila kimoja ni cha kazi gani.

Sasa ndani ya ukoo huo wa kortizoni, nao wana tabia tofauti. Ni kitu ambacho mgonjwa anaweza kukijua, si siri ya waganga.

Ziko zile za punje, kama triamsinoloni inayouzwa kwa jina la Kenacort, na metilprednisoloni inayouzwa kwa jina la Depo-Medrol. Ukiangalia kichupa utaona dawa nyeupe, nzito, ambayo lazima itikiswe kabla ya kuvutwa. Zile punje zinayeyuka polepole, kwa hiyo dawa inakaa mahali pake majuma kadhaa. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba ikivuja chini ya ngozi, inakaa hapo pia majuma hayohayo, na ngozi inaumia. Na dawa hizi za punje hazichomwi mshipani hata siku moja.

Iko pia dexa yetu, ile ya ampuli, maji maangavu yanayopitisha mwanga. Hii inayeyuka haraka na kuondoka haraka. Nafuu yake inaweza kuwa fupi zaidi, lakini ngozi inaiogopa kidogo. Kwa hiyo ile dexa niliyoikemea hapo juu ikichomwa matakoni, ikiwekwa kwa kiasi kidogo ndani ya njia ya kano na mkono wa mtu anayejua, inakuwa dawa nyingine kabisa. Umeona? Ampuli ni ileile. Mahali ndipo palipobadilika.

Tuzungumze juu ya ngozi, kwa sababu sisi ni watu weusi na jambo hili linatuhusu kuliko wale walioandika vitabu vingi vya udaktari. Kifundo cha mkono upande wa kidole gumba kina ngozi nyembamba, mafuta chini yake ni kidogo. Kortizoni ikivuja hapo inaweza kuacha baka jeupe, na wakati mwingine kishimo, mafuta yakiwa yamekauka. Usishangae: mafuta mengi ya kujichubua yanayouzwa sokoni yana dawa za ukoo huohuo ndani yake, na ndiyo sababu yanaichubua ngozi. Baka hilo si ukoma, wala si mtu aliyekuroga. Mara nyingi rangi inarudi baada ya miezi, lakini si kwa kila mtu. Daktari akuambie kabla, si baada. Na kama unatumia mafuta ya kujichubua, mwambie, kwa maana ngozi yako tayari imekuwa nyembamba.

Baada ya kuchomwa utasikia nini? Dakika za kwanza, kama lidokaini ilikuwamo, utafurahi: maumivu yameondoka. Usiku yanaweza kurudi, tena kwa nguvu, na kudumu siku moja au mbili. Wengi hapo ndipo wanapotukana sindano na kukimbilia diclo. Subiri. Kortizoni yenyewe inaanza kuonyesha kazi yake baada ya siku chache, na wengine mpaka majuma mawili. Lakini kama badala ya kupungua pamekuwa pekundu, pamevimba, panachemka, na una homa, usisubiri hata usiku mmoja. Hiyo inaweza kuwa maambukizo, rudi hospitali mara moja.

Ikiwa sindano ya kwanza ilisaidia nusu, daktari anaweza kuirudia baada ya majuma manne mpaka sita hivi. Na ikiwa mbili, au tatu kwa wingi, hazikutosha, usitafute ya nne, ya tano, kwa mtu mwingine mtaani. Inawezekana kuna sababu. Kwa baadhi ya watu njia ile ina ukuta katikati, kila kano na chumba chake, na dawa inaingia chumba kimoja tu. Penye mashine ya ekografia daktari anaweza kuuona ukuta huo na kuelekeza sindano kila upande. Na pasipofaa, upo upasuaji mdogo: mkono unafishwa maumivu, unachanwa kidogo, paa la ile njia linafunguliwa, kano zinapumua. Ni mdogo, lakini apasue mpasuaji, kwa sababu tawi la neva ya ngozi linapita papo hapo juu, na likikatwa, ganzi na maumivu yake ni vibaya kuliko ugonjwa wa kwanza.

Sindano ya nne: ya damu yako mwenyewe.

Hii imeanza kusikika kutoka miji mikubwa na kwenye simu zetu. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka chembe sahani zinajikusanya, kisha wanakuchoma maji hayo yenye chembe nyingi mahali panapouma. Wazo ni kwamba chembe hizo zinasaidia nyama kujirekebisha. Tafiti zipo, ni ndogo, na kwa ugonjwa huu hazijathibitisha kwamba inaishinda kortizoni ya njia ya kano. Inataka mashine, usafi wa hali ya juu, na pesa. Kwa mtu wa Likasi aliye na kifundo kinachouma leo, sioni sababu ya kuuza cherehani au mbuzi kwa ajili yake.

Basi, tumezipima nne. Kabla hatujafika mwisho, kuna jambo ambalo sindano zote haziwezi kulifanya. Haziwezi kukukamulia nguo. Kama mkono unarudi palepale, kwa namna ileile, pindo litakuwa nene tena. Mama, mwinue mtoto kwa kumwingizia viganja chini ya makalio na mgongo, vidole vikiwa pamoja. Usimnyanyue kwa kwapa huku vidole gumba vimetanuka. Nguo nzito, zungusha kwenye bomba au kamba, mkamue wawili. Mwiko, ushike kwa mikono miwili, na mpe kijana wa nyumbani zamu yake. Kusonga bukari hakumpunguzii mvulana kitu. Mchimbaji, badilisha mkono, na mpini wa nyundo uwe mnene unaojaa kiganja. Na gango? Wengine wameona kwamba sindano pamoja na gango ni bora kuliko sindano pekee, wengine hawakuona tofauti. Lakini kwa ugonjwa ulioanza juzi, gango linalokizuia kidole gumba kwa majuma matatu au manne ni la kujaribu kwanza, kwa sababu halina madhara makubwa. Na wewe unayenyonyesha, ujue kwamba kwa wamama wengi ugonjwa huu huondoka wenyewe wanapomaliza kunyonyesha. Si amri ya kuchomwa. Ni juu yako na daktari: unaweza kuvumilia, au maumivu yanakuzuia hata kumshika mtoto?

Nani asichomwe kwanza? Mwenye homa, au mwenye kifundo chekundu kinachochemka: huyo apimwe maambukizo, kwa sababu kortizoni juu ya usaha inaamsha moto. Mwenye kidonda au ngozi iliyoharibika mahali pa kuchomwa, asubiri. Mwenye sukari anaweza kuchomwa, lakini daktari ajue, na apime sukari yake siku zinazofuata, itapanda kidogo. Mwenye kunywa dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, aseme. Mama mjamzito na anayenyonyesha, aseme. Na aliyeanguka juu ya mkono, akateguka kwenye pikipiki au shimoni, apigwe picha kwanza. Mfupa uliovunjika hauponi kwa kortizoni.

Sasa nakupa maswali manne ya kuyabeba kichwani utakapokwenda hospitali. Moja: ugonjwa wangu una jina gani? Mbili: dawa hii ni gani, na utaichoma wapi hasa? Tatu: umewahi kuichoma hapo kwa watu wangapi? Usione haya kuuliza, anayejua hatakasirika. Nne: sindano ni mpya, na utaifungua mbele ya macho yangu? Hilo la mwisho usilisahau. Ukimwi na homa ya ini haviangalii kwamba ulikuja kwa ajili ya kidole gumba.

Mahali pa kuuliza ni kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali kuu ya rufaa. Wakiona hawana mtu mwenye uzoefu wa sindano hii, wakuandikie barua ya kwenda Lubumbashi, kwenye Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Ni mwendo wa kilomita kama 120, unagharimu nauli na siku ya kazi, najua. Lakini linganisha na miezi ya diclo ya kila Jumamosi, uone ipi ni ghali. Kibanda cha dawa cha mtaani kinaweza kukuuzia panadoli. Sindano ya ndani ya njia ya kano si kazi yake.

Turudie kwa kifupi, kwa yule aliyefungua redio sasa hivi. Maumivu upande wa kidole gumba yanayochoma ukiinamisha ngumi, huenda ni ugonjwa wa de Quervain. Mapema, pumzisha mkono, ufunge gango, badilisha namna ya kuinua na kukamua. Usipopona baada ya majuma kadhaa, sindano yenye ushahidi mkubwa zaidi ni kortizoni kidogo ndani ya njia ya kano, mara moja au mbili, tatu kwa wingi, ikichomwa na daktari anayejua. Diclo ya matakoni inakupa usiku mmoja. Dexa ya matakoni inakudai kuliko inavyokupa. Damu yako mwenyewe, iache ndani ya mishipa mpaka wataalamu watuambie zaidi.

Basi nawaomba, wamama na wababa: wiki hii, mtu akikuambia geuka nikuchome kwa ajili ya mkono, usigeuke. Mwonyeshe mkono, umwambie ugonjwa uko hapa.